Uzi: Bibi aliondoka akidaiwa shilingi 21,700 na sado moja ya dagaa. Nimezunguka Mwanza kumlipia

Mjukuu wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salamu.

Leo bibi yangu, mzaa baba, ametimiza siku 40 tangu atutoke. Matanga tulishaanua, turubai limerudi kwa mwenyewe, masufuria ya kukodi yamehesabiwa yote. Nyumba ya Kirumba amebaki shangazi na kuku wawili. Nimekaa nje, juu ya ule mwamba aliokuwa akianikia dagaa, naona niandike kabla sijaanza kuchanganya mambo.

Bibi aliuza dagaa Mwaloni zaidi ya miaka 30. Kwa ambaye hajafika, Mwaloni ya Kirumba ndiko dagaa na samaki wakavu wa ziwa hili wanakokusanyika kabla ya kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na mikoani. Harufu inakupokea kabla hujayaona mabati. Kwangu ile ni harufu ya bibi, maana ilikaa kwenye kanga zake hata zikifuliwa mara mbili kwa sabuni ya mche. Kwenye kucha zake kulikuwa na magamba madogo yanayong'aa. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mtu akizeeka kucha zake hugeuka fedha.

Siku nne kabla hajafariki alikuwa amelazwa. Mdomo ulikuwa umekauka, nikawa namlowanishia kwa pamba. Akaniuliza, "Mume wangu, una kalamu?" Ndivyo alivyoniita tangu nazaliwa. Nikamwambia ninayo. "Andika watu wanaonidai." Nikamwambia, bibi, pumzika kwanza. Akasema, "Nitapumzika ukishaandika."

Nikaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Yeye akawa anakunja vidole, ameanzia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mama wa mchicha, 1,500. Kijana wa bodaboda wa pale kona, mwenye koti la kijani, 4,000. Jumuiya, 3,000, mchango wa mwezi wa sita. Fundi cherehani, 5,000 iliyobaki kwenye sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Mzee wa Kayenze, 8,000, ndoo ya dagaa. Mwenzake wa meza ya jirani pale sokoni, sado moja ya dagaa, lile kopo la kupimia. Hapo akanishika mkono: "Huyu usimpe hela. Mpe dagaa."

Akanyamaza muda mrefu, nikajua amemaliza. Kisha akafumbua macho. "Na yule mama wa ndizi kwenye feri ya Kamanga. Mia mbili."

Nikajumlisha: shilingi 21,700 na sado moja. Nikamsomea yote. Akaitikia kwa kichwa, akalala.

Msibani mlio wengi mnajua inavyokuwa. Kabla ya kushusha jeneza mtu wa familia husimama akatangaza, kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, aonane na familia. Baba mkubwa akatangaza. Watu kimya. Hakuna aliyetoka mbele akasema anamdai bibi 1,500 ya mchicha. Ile kadi nilikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, na waliokuwa wakimdai watatu niliwaona kwa macho yangu wamesimama pale pale, wameinamisha vichwa.

Nitaendelea. Shangazi ananiita.

Jiwe la Bismarck

Pole sana mkuu. Bibi apumzike kwa amani. Tunasubiri.

Kwetu Buhongwa

Pole ndugu yangu. Ila niulize kwa nia njema kabisa. 1,500 ya mchicha, mwenyewe si alishasahau? Familia zinafukuzana na madeni ya mamilioni. Hivi vidogo watu husamehe pale pale kaburini, ndiyo maana hawakusema.

Mjukuu wa Mwaloni

Nimerudi. Mkuu wa Buhongwa, hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Nilikwenda kwa mama wa mchicha siku ya tatu baada ya mazishi nikiwa nimejiandaa kusikia "acha tu mwanangu". Hakusema. Alipokea noti ya 1,000 na sarafu ya 500, akazishika kwa mikono miwili, akasema, "Nilijua atazileta." Akasema *atazileta*, wakati mbele yake nimesimama mimi.

Kwa hiyo hapana, hakuwa amesahau, na wala hakuwa na kinyongo. Alikuwa anasubiri tu, kwa sababu bibi alimwambia atalipa. Ningebaki nyumbani yule mama angesamehe kweli, ila angekuwa amesamehe jambo ambalo bibi hakuomba asamehewe.

Bodaboda na jumuiya sina mengi ya kusema. Nililipa siku moja. Kijana akasema bibi alikuwa akipanda upande upande na kumshika koti, wakifika anamuuliza kama amekula. Mwenyekiti wa jumuiya aliandika risiti kwa jina la bibi. Nimeiweka kwenye Biblia yake.

Kwa fundi ndiko nilikokaa.

Fundi ana chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, cherehani ya kukanyaga, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Sare ile bibi aliipima mwezi wa tano, akalipa nusu, hakuwahi kuifuata. Alipofariki shangazi alikwenda kuichukua usiku tumvalishe, na kwenye ule mkanganyiko hakuna aliyekumbuka hela. Kwa hiyo bibi amezikwa na nguo ambayo haijamalizwa kulipwa. Nilipomweleza fundi ninachofuata, alinyanyuka akafungua daftari.

Wakuu, lile daftari lina vipimo vya bibi vya miaka mingi. Kila mwaka wa sare mpya kuna mstari wake. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kwa inchi. Kwenye kurasa za nyuma kifua ni 44. Mbele kidogo 42. Kinakaa hapo miaka mingi. Halafu 39. Mwezi wa tano aliandika 36, na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, 33. Nikamuuliza hii 33 alipima lini. Akasema hakupima. Shangazi alipokuja usiku ule alimuuliza, "Amebaki wa namna gani?" Shangazi akamuonyesha kwa mikono. Fundi akafumua mishono ya pembeni, akaipunguza gauni saa ile ile, taa ya simu mdomoni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo maana ilimkaa bibi vizuri vile. Sote tulisema pale kwenye jeneza, mbona imemkaa, na hakuna aliyejua sababu.

Nilimpa 5,000 nikamuongeza 5,000 nyingine ya kazi ya usiku. Ya kwanza akapokea. Ya pili akanirudishia. Akachukua rula, akapiga mstari chini ya 33, akaandika "imelipwa".

Mama Wawili Buzuruga

Nimesoma hapa kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Pole mwanangu. Umenikumbusha bibi yangu wa Magu. Yeye hakuwa na biashara, alikuwa mkulima wa viazi. Kila kiangazi alikata viazi vya michembe na kuchemsha vya matobolwa, akianika juu ya mawe kama huyo wako na dagaa wake. Tukirudi mjini kila mjukuu anafungiwa mfuko wake, na mfuko wa yule ambaye hakuja nao unafungwa, unaandikwa jina kwa mkaa. Alifariki 2011. Tulipofungua chumba chake tulikuta mifuko minne. Mmoja una jina langu, maana Krismasi ile sikwenda, nilisema nauli haipo. Nauli ilikuwepo.

Nilipika ile michembe kidogo kidogo miezi mitatu, na karanga. Mfuko ninao mpaka leo.

Kwetu Buhongwa

Nimeelewa mkuu. Naondoa swali langu. Endelea.

Mtoto wa Nansio

Mwanzisha uzi, mlimzika wapi? Na ile sado ya dagaa uliilipaje? Bei ya dagaa haikai sehemu moja hata wiki.

Mjukuu wa Mwaloni

Mama Wawili, asante sana. Huo mfuko utunze.

Mtoto wa Nansio, tulimzika kwao, upande wa Sengerema, si mbali na Kamanga. Hapo palikuwa na mvutano kidogo. Baba mkubwa alitaka twende kwa daraja jipya la Kigongo na Busisi, magari yaongozane bila kusubiri kivuko na jeneza. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini bibi mwenyewe alishasema. Daraja lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 aliomba apelekwe akalione, nami nikampeleka wiki iliyofuata. Kilomita 3 juu ya maji. Pale alipokuwa akikaa na magunia yake nusu siku akingoja foleni ya kivuko, tulipita kwa dakika chache tu. Tulisimama mbele kidogo, akashuka, akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Wamefanya kazi. Wenye wagonjwa watapona sasa." Halafu akaongeza, "Mimi mtanirudisha kwa feri. Nilikuja mjini kwa maji." Basi tukampeleka kwa feri ya Kamanga. Mama zake wa WAWATA walisimama kuzunguka gari, wakaimba kutoka gati hadi gati.

Sasa sado. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nakosea.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za betri na za jua, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa haiwavuti, mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo wakati wa giza dagaa ni tele na bei inashuka. Wakati wa mbalamwezi wanaadimika, na mwenye akiba ndiye anayeuza.

Mimi nilinunua dagaa wazuri, wakavu, wasio na mchanga, nikaenda na sado yangu imejaa mpaka juu kwa yule mama wa meza ya jirani. Akanikaribisha, tukasalimiana, mwangaluka, mhola, akanikalisha kwenye kiti cha bibi. Nikamwambia nimeleta deni. Akaangalia dagaa, akaangalia juu kama anayetafuta kitu angani mchana ule, akaniuliza kwa upole, "Bibi yako alikwambia nilimkopesha lini?" Nikasema hakuniambia. "Alinikopa mbalamwezi. Alikuwa na mteja wa Kongo amepungukiwa sado moja kwenye gunia, soko zima hakuna dagaa. Leo ni giza."

Nikaanza kuhesabu kichwani niongeze ngapi. Akanizuia. Akasema kwao hapo sokoni, wao wawili, tangu wameanza kukopeshana, cha giza kinalipwa giza na cha mbalamwezi kinalipwa mbalamwezi. Hakuna kuongeza wala kupunguza. "Mwenzangu hajawahi kunivunjia hilo. Rudi nazo nyumbani, mkale."

Nilisubiri wiki mbili na siku kadhaa. Kila usiku natoka nje naangalia mwezi ulivyofika, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa makini maishani mwangu, nimezaliwa na kukulia ziwani. Ulipojaa nikaenda sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Nilizunguka meza kumi na kitu. Nikapata, kwa bei karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Nikapima kwa sado ya bibi mwenyewe. Si kama sado nyingi mnazozijua, yake kitako hakijapigwa pasi kikabonyea ndani. Nikampelekea. Akamimina kwenye beseni lake, akaniambia, "Wabeja", yaani asante. Akaniomba hiyo sado aitumie yeye. Nimemwachia.

Jiwe la Bismarck

Cha giza kinalipwa giza. Nimekaa kimya hapa. Miaka 12 niko kwenye biashara ya samaki, sijawahi kusikia.

Mvuvi wa Zamani

Kijana, mimi nina miaka 71 na nimevua Ghuba ya Mwanza. Hayo unayoyasema yalikuwepo, hasa kwa akina mama. Mzee wa Kayenze ulimkuta?

Mjukuu wa Mwaloni

Shikamoo mzee wangu. Nilimkuta.

Anakaa jirani kabisa na maji, macho hayaoni vizuri. Nilipotaja bibi, hakuuliza yupi. Akasema, "Yule wa furu." Nikamsahihisha, bibi aliuza dagaa. Akasema dagaa ni baadaye. Alipomfahamu, miaka ya 70, bibi alikuwa msichana anayenunua furu mwaloni kwao, anawatumbua, anawachoma kwenye vijiti na kuwaanika, anakwenda kuuza vijijini. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, walikuwa wa kila rangi, akasema, unamwaga mtumbwi unaona kama kitenge. Kisha sangara, ambaye hakuwa wa ziwa hili, aliletwa tu tangu miaka ya 50, akawa mwingi, na miaka ya 80 furu wakaanza kutoonekana kwenye nyavu. Wengine mpaka leo hawajaonekana. Ndipo bibi akahamia kwenye dagaa.

Mimi nimekaa na bibi miaka 34 sijawahi kumuuliza aliuza nini kabla ya dagaa. Najua jina la kila mteja wake. Najua alipoteza mdogo wake meli ya Mv Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, na kwamba kila tarehe hiyo alikwenda makaburini Igoma, kwa sababu hatukuwahi kumtambua mdogo wake kati ya waliopatikana, akasema pale hata kama hayupo, wenzake wapo. Hayo nilikuwa nayajua. Furu sikujua. Nimejua kwa sababu ya deni la 8,000.

Mzee alipokea hela akaziweka chini ya mkeka. Akaniomba nimsomee majina mengine yaliyoko kwenye kadi. Nilipofika kwa mama wa ndizi wa Kamanga, 200, akasema huyo hamfahamu.

Na hapo ndipo nilipokwama, wakuu. Nimekwenda Kamanga mara mbili, gati la mjini na gati la ng'ambo. Akina mama wa ndizi ni wengi. Niliwauliza mmoja mmoja. Bibi alipungukiwa 200 ya nauli siku moja, sijui mwaka gani, mama mmoja akamjazia. Bibi alikuwa akivuka mara kwa mara, kwa nini hakumlipa sijui. Labda hakumuona tena. Kama kuna mtu humu anavuka pale kila siku, naomba anisaidie.

Mtoto wa Nansio

Mimi si wa njia hiyo ila nimemtumia dada yangu uzi huu, anafundisha ng'ambo, anavuka kila Jumatatu na Ijumaa.

Mama Wawili Buzuruga

Mwanangu, uliza mama aliyekuwa na mguu mmoja unavimba, akikaa karibu na wanapokatia tiketi. Akiuza ndizi mbivu na karanga za kukaanga. Nilikuwa nikinunua kwake tulipokwenda kwenye harusi Sengerema. Alikuwa na tabia hiyo, akiona mtu anahesabu sarafu mara mbili mbili anamwita.

Mtoto wa Nansio

Dada amejibu. Anamfahamu huyo mama wa mguu. Alifariki 2023. Binti yake ndiye anayekaa pale pale sasa, mwenye kilemba cha njano mara nyingi.

Mjukuu wa Mwaloni

Kumbe ndiyo maana bibi hakumuona tena.

Asanteni sana. Kesho asubuhi nakwenda.

Mjukuu wa Mwaloni

Nimetoka Kamanga sasa hivi, niko ndani ya feri narudi.

Nilimkuta, kilemba cha njano kama alivyosema dada. Nikasubiri wateja wapungue. Nikamweleza yote, bibi, kadi ya kliniki, mama yake. Alikuwa anamenya karanga huku ananisikiliza, mikono ikasimama nilipotaja mguu. Nikatoa sarafu ya 200, ile yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Nilikuwa nimeiosha.

Akaniuliza bibi yangu alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akanitajia jina la mama yake. Akaichukua ile sarafu, akaifunga kwenye pindo la kanga fundo mbili, peke yake, mbali na fundo la hela za mauzo. Mteja akafika akauliza ndizi shilingi ngapi, akageuka akamhudumia.